Mwanangu, pikipiki ya mbele si macho yako

Mwanangu mpendwa,

Mama yako ameniambia umekubali kwenda na wenzako kwenye ule msafara wa pikipiki. Nadhani alitarajia nikukataze. Sikukatazi. Nimekufundisha mwenyewe kushika klachi, sasa nitaanzia wapi kukuambia pikipiki ni balaa? Ila kuendesha peke yako ni kazi moja na kuendesha kwenye kundi ni kazi nyingine, na ya pili hatujaizungumza.

Raha ya msafara naijua. Injini zinaunguruma mbele na nyuma, watu wanasimama kuwatazama, na mtu anajiona kama analindwa. Hapo ndipo ninapopata wasiwasi. Ukiwa peke yako unaitazama barabara, ukiwa kundini unamtazama mwenzako. Taa yake ya nyuma ikiwaka unashika breki, akifungua mafuta nawe unafungua, akilipita lori nawe unalipita. Unajikuta umemkabidhi macho yako mtu ambaye huenda hata hajui kama bado uko nyuma yake.

Kuna kijana niliwahi kumfuata kwa nyuma kwenye msafara. Mbele yake alikuwapo mzoefu, na mbele ya wote ilikuwapo kona ya zile zinazoanza vizuri halafu zinazidi kubana. Mzoefu akalaza pikipiki, akapotea. Kijana akaingia na mwendo uleule. Katikati ya kona nikaona helmeti yake inageuka kutazama ukingo wa nje penye changarawe, na pikipiki ikaelekea kulekule alikotazama. Akabana breki ya mbele yote kwa mkupuo, tairi likateleza, akaenda chini. Aliinuka mwenyewe. Kiwiko cha jaketi lake kilikuwa kimesagika hadi kwenye kinga ya ndani, na ngozi chini yake ilikuwa nzima. Mwendo ule ulikuwa mdogo kabisa kwa pikipiki aliyopanda, lakini kwake ulikuwa mkubwa.

Kwa hiyo punguza mwendo kabla ya kona, ukiwa bado umenyooka, hata kama wa mbele hajapunguza. Kisha tupa macho kule kona inakotokea, maana pikipiki hufuata macho. Ikikubana ukiwa ndani, usikimbilie breki. Kona ya kushoto, sukuma mpini wa kushoto kwenda mbele. Ya kulia, sukuma wa kulia, nayo italala zaidi. Mara nyingi pikipiki huwa bado ina nafasi ya kulala, anayeishiwa ni aliyeipanda. Zoezi hili lifanye mahali patupu kabla ya safari.

Sikutishi kwa hadithi ya mtu mmoja. Profesa Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walikwenda kwenye maeneo ya ajali zipatazo 900 za pikipiki huko Los Angeles na kuzichunguza moja moja, wakatoa ripoti yao mwaka 1981. Ajali ambazo pikipiki ilianguka bila kugongana na gari, karibu theluthi mbili zilitokana na kosa la mwendeshaji: kashika breki kupita kiasi, au kaingia kwenye kona kwa mwendo hadi ikamtoa nje. Zile za kugongana na gari, karibu theluthi mbili mwenye gari ndiye aliyeingia njia isiyo zamu yake. Na wengi wa madereva hao walisema pikipiki hawakuiona, au waliiona wakati wamekwisha kuchelewa.

Hebu fikiria dereva huyo amesimama kwenye makutano, kundi lenu linapita. Anaona wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha pengo. Anadhani mmekwisha. Anatoka, na wewe ndiye unayefuata. Ukifika kwenye makutano yoyote weka vidole juu ya breki, na usihesabu kwamba kupita kwa wenzako kumekufungulia njia.

Mtapangwa kwa kupishana, mmoja upande wa kushoto wa njia yenu, anayemfuata upande wa kulia. Aliye mshazari mbele yako akutangulie sekunde 1 hivi, na aliye mbele yako moja kwa moja akutangulie sekunde 2 au zaidi. Chagua alama barabarani, akiipita anza kuhesabu. Kwa kilomita 90 kwa saa unakula mita 25 kila sekunde, kwa hiyo sekunde 2 ni mita 50, na sehemu kubwa ya hizo huliwa kabla mkono wako haujaanza kubana breki. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimamia kwa breki huongezeka mara nne. Kwenye kona, mvua au njia nyembamba, mpango huo uvunjwe, kila mtu afuate mstari wake mwenyewe na pengo lizidi. Kuendesha bega kwa bega ili mpigwe picha, kataa. Likitokea shimo mbele ya mmoja wenu, atalikwepea wapi?

Kundi huvutika kama mpira. Kiongozi akiongeza kidogo, wa pili huongeza zaidi ili amfikie, na wa mwisho hujikuta anakimbia kuliko wote ingawa ndiye huenda mgeni kuliko wote. Ndiyo maana wageni huwekwa nyuma tu ya kiongozi na mzoefu mwingine hufunga mkia. Omba nafasi hiyo bila aibu. Uliza pia kabla ya kuondoka: mtu akipotea, anasubiriwa wapi? Msafara mzuri una utaratibu kwamba kila mmoja husimama penye njia panda mpaka amwone wa nyuma yake. Ukishajua hutaachwa, hamu ya kuwakimbiza inaisha yenyewe. Wakikujibu kwamba kila mtu ajitahidi kufuata, rudi nyumbani. Hao si watu wa kusafiri nao.

Kulipita gari ni jambo la mtu mmoja mmoja. Nafasi aliyoiona wa mbele ilikuwa yake, na ukifika wewe imekwisha kubadilika. Akikupungia mkono uje, mkono wake hauoni lori linalotoka kwenye kona sekunde ile. Angalia mwenyewe, au baki nyuma ya gari hilo. Na ukishapita, songa mbele kidogo ili anayekufuata apate pa kuingia.

Sasa helmeti. Mei 1935 T. E. Lawrence, yule Mwingereza maarufu kwa vita vya Arabuni, alianguka na pikipiki akiwakwepa vijana wawili wa baiskeli. Hakuwa na helmeti. Alikufa siku 6 baadaye kwa majeraha ya kichwa. Mmoja wa madaktari walioitwa alikuwa Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo, na baadaye akachunguza majeraha ya vichwa ya waendesha pikipiki wa jeshi, akachapisha matokeo mwaka 1941. Kazi yake ilichangia jeshi la Uingereza kuwalazimisha waendeshaji wake kuvaa helmeti. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliofanywa tangu hapo unaonyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa katika ajali kwa asilimia 42 hivi, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi. Lakini helmeti isiyofungwa mkanda ni pambo tu, hutoka kichwani kabla hujafika chini. Usiazime ya mtu hata kama ni nzuri. Huwezi kujua kama imewahi kugonga lami, na povu la ndani likishabonyea halirudi.

Na mwenzenu akianguka, msimkimbilie wote. Wawili wakazuie magari pande zote mbili kwanza, maana anayesimama kuokoa naye huweza kugongwa. Helmeti yake msimvue kama anapumua. Shingo huenda imeumia.

Kusema umechoka nako ni kazi, kwa sababu kundini hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuomba mapumziko. Ukiona umepitwa na kibao bila kukisoma, weka indiketa, simama. Kiongozi wa maana atageuka.

Nitumie njia mtakayopita na jina la atakayefunga mkia. Upepo wa matairi upime asubuhi kabla hujawasha, yakiwa bado baridi, na cheni uitazame tena. Juzi niliiona imelegea kidogo upande mmoja. Spana zimo kwenye boksi jekundu.

Baba yako