Vitabu vipya vya Australia vitufikie kwa Kiswahili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo baadhi ya wasomaji watadhani haliwahusu watu wa Pemba. Habari za vitabu vipya vya ng'ambo mnazotuandikia huwa za vitabu vinavyotoka London na New York, na mara mojamoja Nairobi au Lagos. Vya Australia sijaviona vikitajwa. Ninaomba vitajwe, na zaidi ya hapo ninaomba wafasiri na wachapishaji wetu wachague angalau kimoja wakitie katika Kiswahili.

Mpwa wangu anayeishi Perth, Australia, alipokuja kula Idd nasi aliniletea vitabu vitatu, akijua kuwa mjomba wake amesomesha fasihi skuli kwa miaka mingi na hana zawadi aipendayo kuliko hiyo. Kikubwa kuliko vyote, chenye kurasa zaidi ya 700, ni riwaya ya Alexis Wright iitwayo Praiseworthy, iliyotoka mwaka 2023. Mwandishi huyu ni miongoni mwa wenyeji wa asili wa Australia, wa jamaa ya Waanyi, ambao nchi yao iko kusini mwa Ghuba ya Carpentaria. Kwa riwaya hiyo alipata mwaka 2024 tuzo mbili kubwa za nchi yake: ya Stella, iliyoanzishwa kwa ajili ya waandishi wanawake, na ya Miles Franklin, ambayo tangu mwaka 1957 hupewa riwaya inayosawiri maisha ya Australia.

Riwaya hii inasimulia mji mdogo wa kaskazini uliofunikwa na ukungu usioondoka, na mtu mmoja aitwaye Cause Man Steel, anayeamini kuwa dunia itakapochafuka kwa joto na mafuta yakawa hayatumiki tena, watakaosalimika ni wenye punda. Basi anazunguka nyikani kukusanya punda mwitu, akimtafuta mmoja mwenye rangi ya platinamu, huku mkewe akiwa amezama katika vipepeo na nondo. Punda si wanyama wa asili wa Australia. Walipelekwa na walowezi kubeba na kukokota mizigo, na magari yalipokuja wakaachwa, wakageuka wanyama wa porini. Msomaji wa Pemba, aliyekulia kwenye njia zinazopita gari za ng'ombe na za punda zikibeba nazi, mchanga na magunia ya karafuu, atakuwa karibu na mtu huyu kuliko msomaji wa mji mkubwa ambaye hajapata kutegemea mgongo wa mnyama.

Lililonishughulisha zaidi ni jina la mwanawe mkubwa. Kijana huyo ameitwa Aboriginal Sovereignty, na anapoingia baharini akitaka kufa, kila sentensi inayomlilia yeye inalilia pia haki ya wenyeji juu ya nchi yao. Mfasiri atalifanyaje jina hilo? Nimelijaribu jioni nyingi. Nikisema Mamlaka ya Wenyeji, nasikia karatasi za ofisini. Nikisema Dola ya Wenyeji, nimemgeuza kijana kuwa serikali. Enzi ya Wenyeji ndilo lililonikaa moyoni, kwa kuwa enzi kwetu ni nguvu na utukufu, na ni zama pia, na huzuni yote ya riwaya ile imekaa baina ya maana hizo mbili. Sikupata kufikiri neno hilo kwa kina namna ile mpaka kitabu cha watu wa mbali kiliponilazimisha. Hata Kiingereza cha Alexis Wright kinazunguka, kinarudi nyuma na kukariri, kama anavyosimulia bibi usiku anapotaka wajukuu waishike hadithi, na ndiyo maana naamini kitabu hicho kitakaa vizuri katika Kiswahili kuliko kilivyokaa katika lugha kilichoandikiwa.

Kitabu cha pili si hadithi ya kubuni. Ni Question 7 cha Richard Flanagan, mtu wa kisiwa cha Tasmania, kilichotoka pia mwaka 2023. Baba yake alikuwa mateka wa Wajapani katika Vita Vikuu vya Pili, akalazimishwa kufanya kazi kwenye mgodi wa makaa ya mawe huko Ohama, na vita vilipokwisha baada ya bomu la Hiroshima la tarehe 6 Agosti 1945, akaokoka. Mwandishi anajiuliza kwa uchungu inakuwaje yeye awe hai kwa sababu ya bomu lililoua maelfu ya watu wasio na hatia, kisha anaufuata uzi huo nyuma hadi kwa mwandishi Mwingereza H. G. Wells, aliyeliwaza bomu la namna hiyo katika riwaya yake ya mwaka 1914, na kwa mwanafizikia Leo Szilard, aliyeisoma riwaya hiyo kabla ya kugundua njia ya kulifanya bomu liwezekane. Humo humo anaandika jinsi wenyeji wa Tasmania walivyoangamizwa. Mwaka 2024 kitabu hiki kilipata tuzo ya Baillie Gifford huko Uingereza, na mwandishi akakataa kupokea zile pauni 50,000 mpaka kampuni inayotoa tuzo ieleze mpango wake wa kupunguza uwekezaji katika mafuta na gesi. Nampenda mwandishi wa namna hiyo. Mwaka uliofuata tuzo hiyo hiyo ilikwenda tena Australia, kwa shajara za Helen Garner, mama aliyezaliwa mwaka 1942.

Cha tatu ni Juice cha Tim Winton, riwaya ya mwaka 2024. Ndani yake mtu na mtoto wanasafiri katika nchi iliyoungua kwa joto, katika zama zijazo ambazo watu hujificha chini ya ardhi wakati wa kiangazi. Wanakamatwa na mtu mwenye upinde, na yule msafiri anaanza kusimulia maisha yake ili wasiuawe. Nani kwetu atakayehitaji kufunzwa namna ya kusoma kitabu hicho, na Alfu Lela Ulela tumeisikia tangu utotoni?

Najua nitajibiwa kuwa Australia iko mbali. Bahari inayopiga ufuo wa Perth ndiyo hii inayopiga Wete. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu chache za zamani katika kisiwa cha Marchinbar, kaskazini kabisa mwa nchi ile, na tano kati yake zikaja kutambuliwa kuwa ni za Kilwa. Zilifikaje huko, wataalamu hawajaafikiana mpaka leo.

Jibu zito zaidi ni la wale watakaosema tuanze na vya kwetu, kwa kuwa hata vitabu vya Said Ahmed Mohamed, mtoto wa Pemba hii hii, ni tabu kuvipata madukani. Hoja hiyo naiheshimu, lakini haipingani na ombi langu. Abdulrazak Gurnah amezaliwa Unguja, riwaya yake Paradise ilitoka mwaka 1994, nasi tulikuja kuipata kwa Kiswahili, kwa jina la Peponi, mwaka 2022, baada ya yeye kupata Nobeli, kwa kazi nzuri ya mfasiri Ida Hadjivayanis na wachapishaji wa Mkuki na Nyota. Miaka 28 kwa mtu wa nyumbani! Ugonjwa ni huo huo mmoja: hatuna mazoea ya kutafsiri kitabu kingali kipya, watu wangali wanabishana juu yake. Mkono ukizoea kazi hiyo kwa kitabu cha mgeni, utakuwa mwepesi pia kwa cha mwenyeji aliyeandika kwa lugha nyingine.

Kuhusu gharama, taasisi ya sanaa ya Australia, Creative Australia, imekuwa na mfuko wa kuwasaidia wachapishaji wa nje wanaotaka kutafsiri vitabu vya nchi hiyo. Sioni kwa nini mchapishaji wa Unguja au Dar es Salaam asiandike barua ya kuuliza, akishauriana na Baraza la Kiswahili la Zanzibar (BAKIZA) juu ya mfasiri anayefaa.

Kwako wewe, Ndugu Mhariri, naomba safu moja tu kwa mwezi. Nami vitabu vyangu vitatu niko tayari kumwazima mfasiri yeyote mwenye nia, pamoja na daftari langu lenye majaribio ya lile jina la kijana, ambalo bado sijalimaliza.

Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba