Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, 2025

Ndugu wanachama,

Kwanza tuwakumbuke wenzetu waliotangulia mbele ya haki mwaka huu. Wajane, wagane na watoto wao bado ni watu wa chama hiki cha maveterani. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi nina jambo moja, nalo ndilo lililotuchukulia muda mwingi kuliko yote: kuwafikia madaktari bingwa.

Wakongwe miongoni mwetu wanaikumbuka kashfa ya orodha za wagonjwa wanaosubiri miadi, iliyoibuka mwaka 2014 katika hospitali ya VA, yaani Idara ya Maveterani ya Marekani, mjini Phoenix. Mwaka huohuo Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Choice, iliyowaruhusu maveterani wanaosubiri mno kutibiwa nje ya VA, kisha mwaka 2018 ikaja Sheria ya MISSION kushika nafasi yake, iliyoanza kutumika Juni 2019. Kwa huduma za kibingwa, VA ikishindwa kukupa miadi ndani ya siku 28, au ikiwa wastani wa mwendo wa gari hadi kliniki yake unazidi dakika 60, una haki ya kupelekwa, kwa idhini ya VA, kwa daktari wa mtaani aliye nje ya VA.

Haki hiyo tunaipoteza kwenye simu. Mwaka huu nilikaa na mwanachama mwenzetu aliyetumikia Iraq karibu na mashimo ya kuchomea taka. Kifua kinambana, ngazi za nyumbani kwake anazipanda kwa vituo. Sheria ya PACT ya mwaka 2022, inayowahusu maveterani waliovuta moshi wa mashimo hayo na sumu nyingine, ndiyo iliyomfungulia mlango, akapata rufaa ya kwenda kwa bingwa wa mapafu. Simu ikalia, akaiweka spika. Mpanga miadi akamtajia tarehe ya miezi mitatu mbele. Ndugu yetu, kwa adabu tuliyolelewa nayo, akajibu kwamba haina shida, siku yoyote itafaa. Siku 28 huhesabiwa tangu siku huduma ilipoombwa, isipokuwa wewe mwenyewe umekubali tarehe ya mbali zaidi. Naye alikuwa amekwisha kukubali.

Tulipiga tena kesho yake, na keshokutwa, hadi akapelekwa nje. Hata huko hayakuisha: ripoti haikurudi kwa daktari wake wa VA, na ilibidi aende mwenyewe kuchukua picha za kifua, akazibeba kwenye bahasha. Nawasihi, ombeni nakala kabla hamjatoka kliniki.

Mwaka huu mambo mawili yamelegezwa. Daktari wako wa VA akikubaliana nawe kwamba kutibiwa nje ndiko kutakakokufaa, hahitajiki tena daktari wa pili wa VA kuupitia uamuzi huo. Na kwa aina 30 za huduma za kibingwa, zikiwemo za moyo na mishipa ya fahamu, idhini sasa inadumu mwaka mzima. Wenye maradhi ya kudumu waliokuwa wakianza upya kila baada ya miezi michache wanajua uzito wa jambo hili.

Nimefurahi, ila nina hofu pia. Majeraha ya uti wa mgongo, viungo bandia, upofu uliotokana na vita: haya VA imeyahudumia kwa miongo mingi, na daktari wa mtaani huenda hajawahi kumwona mgonjwa wa namna hiyo. Fedha zikielekezwa nje huku nafasi za mabingwa wa ndani zikiachwa wazi, watakaoumia ni wenzetu walioumia zaidi. Kamati imewaandikia wabunge wetu kuhusu hili, na itaandika tena.

Kwa dharura, nenda hospitali iliyo karibu bila kungoja idhini, lakini VA ijulishwe ndani ya saa 72. Mfundishe mwenza wako au mtoto mkubwa kuipiga simu hiyo, maana huenda wewe hutaweza kusema.

Kuanzia mwezi ujao, wanakamati wawili watakuwa zamu kila Jumamosi kukaa na mwanachama anapopiga simu ya miadi. Mwenye barua ya rufaa aje nayo, hata kama ni ya zamani.