Mwanangu, mbegu hizo zisubiri masika

Mwanangu Rehema,

Hatujambo huku Tabata, ila joto tu. Umeniuliza kama uzipande sasa zile mbegu za maua ya snapdragoni alizokuletea wifi yako. Hapana. Zitie kwenye kopo lenye kifuniko, uliweke mahali pakavu pasipo joto, mpaka Aprili mvua zitakapopoza jua.

Asili ya maua hayo ni kandokando ya bahari ya Mediterania, Hispania na Ufaransa ya kusini. Ni wapwani wenzetu, ila pwani yao ina baridi ya kweli, na joto likipamba moto yanagoma kuchanua. Sisi Dar tuna kipupwe tu, Juni hadi Agosti, kusi likivuma na usiku ukishuka hadi karibu nyuzi 19. Kutoka mbegu hadi ua ni miezi mitatu, pengine minne. Piga hesabu kurudi nyuma utaona kwa nini nasema Aprili.

Ukifungua pakiti utadhani umeuziwa vumbi; gramu moja ina maelfu ya mbegu. Usipige chafya. Zichanganye na mchanga laini mkavu, unyunyize juu ya udongo uliokwisha lowa, ukandamize kwa kiganja, basi. Usizifukie! Mkono uliozoea kunde utawasha kufukia, uzuie. Mbegu hizi huota vizuri zikiona mwanga, na kichipukizi chake hakina nguvu ya kusukuma udongo.

Udongo wa kichanga peke yake haufai kitaluni. Tia mboji iliyochekechwa, kisha siku moja kabla umwagie maji yanayochemka, uuache upoe. Adui mkubwa hapa ni kinyausi: jioni miche imesimama, asubuhi imelala, shina limeoza pale linapogusana na udongo. Kwa hiyo usimwagilie kwa juu. Weka trei ndani ya beseni lenye maji kidogo, udongo unywe kwa chini, halafu uitoe. Na maji ya kisima chenu yana chumvi, hata chai yake naijua. Kinga maji ya mvua utumie hayo.

Funika trei kwa kifuniko cha keki kinachopitisha mwanga, iwe barazani, si juani. Ndani ya wiki moja au mbili utaona kijani. Hapo funua hewa ipite.

Mche ukifika sm 8 hadi 10, ukate kichwa juu ya jozi ya tatu ya majani. Utaona uchungu, na maua yatachelewa kidogo, lakini usipoukata utapata shina moja refu ambalo kusi litalilaza.

Bustanini acha nafasi ya shibiri kati ya mche na mche. Uwe unageuza majani. Ukikuta vipele vya kahawia upande wa chini, hiyo ni kutu. Ng'oa mche huo mara moja na usiutupe kwenye mboji.

Mjukuu wangu atataka kubana mashavu ya ua lifunue mdomo. Mwache abane. Huko yalikotoka maua haya, kazi ya kuufungua mdomo huo hufanywa na nyuki wazito. Wepesi hawafui dafu. Mwambie ayachunguze na yale manyuki meusi yanayotoboa mbao za kenchi, aone kama yatajaribu.

Novemba joto likirudi maua yatachoka. Usiyabembeleze kwa mbolea. Acha vikonyo vichache vikauke: vibumba vya mbegu vitatoboka matundu juu, vikae kama vifuvu vidogo. Vipindue ndani ya bahasha. Kama mbegu ni za chotara, watoto hawatafanana na mama yao. Mimi sitajali, ila wewe unayetaka meupe matupu itabidi ununue tena.

Nibakizie kidogo kwenye hiyo pakiti. Wifi yako aliniahidi yangu, mpaka leo naisubiri.

Mama yako