Tusimpime mtafiti wa tiba kwa idadi ya marejeleo pekee

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie desturi iliyoota mizizi katika vyuo vyetu vya tiba, na ambayo magazeti yetu yameipokea bila maswali, ya kumtambulisha mtafiti kwa idadi ya makala alizochapisha na idadi ya mara ambazo wenzake wamezirejelea. Kila inapotoka orodha ya wanasayansi walio katika asilimia 2 ya juu duniani, inayoandaliwa na Profesa John Ioannidis wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake kwa takwimu za kampuni ya uchapishaji ya Elsevier, majina ya watu wetu hushangiliwa, lakini ni nadra msomaji kuelezwa, japo kwa sentensi moja, mtu huyo amegundua nini.

Kipimo kinachopendwa zaidi na kamati za kupandisha vyeo ni kile kiitwacho h, kilichobuniwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch. Mwenye h ya 20 ni yule ambaye makala zake 20 zimerejelewa angalau mara 20 kila moja. Hesabu hiyo ina busara yake, kwa kuwa haimruhusu mtu kutamba kwa utitiri wa makala zisizosomwa na yeyote. Hata hivyo, aliyeandika makala moja tu iliyobadilisha tiba ya ugonjwa atabaki na h ya 1 maisha yake yote, na kwa kuwa namba hiyo hupanda bila kushuka, mkongwe humshinda kijana hata kama aliacha utafiti zamani. Isitoshe, inategemea umeitafuta katika hifadhidata gani ya mtandaoni: Google Scholar hukusanya mpaka tasnifu, ilhali Scopus na Web of Science huchagua majarida, na mengi ya kwetu hayamo. Nimewahi kuona waombaji wawili wakilinganishwa kwa namba zilizotoka vyanzo viwili tofauti, na hakuna mjumbe aliyeuliza.

Lipo pia suala la majina. Katika utafiti wa tiba, kwa kawaida jina la kwanza ni la aliyebeba kazi na la mwisho ni la kiongozi wake. Walio katikati huenda walifanya mengi au walitoa sampuli tu. Makala za kukadiria mzigo wa magonjwa duniani hubeba mamia ya majina, na h humpa kila mmoja wao sifa nzima. Kwa haki, orodha ya Profesa Ioannidis hujaribu kurekebisha hilo, kwani huwapa uzito zaidi walioandika peke yao, wa kwanza au wa mwisho, na huonyesha kando hesabu isiyojumuisha mtu kujirejelea mwenyewe. Maelezo hayo ndiyo yasiyofika magazetini.

Marejeleo hayatofautishi sifa na lawama. Makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998 katika jarida la The Lancet, iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji, ilifutwa na jarida hilo mwaka 2010, lakini imerejelewa mara nyingi mno, na wengi walioirejelea walikuwa wakiipinga.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa hapa nchini. Homa ya chikungunya ilielezwa kitaalamu kutokana na mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 katika uwanda wa Makonde, na matokeo yakachapishwa mwaka 1955 na Marion Robinson na W. H. R. Lumsden. Kwa miongo kadhaa ugonjwa huo ulibaki shughuli ya wataalamu wachache, mpaka ulipolipuka katika kisiwa cha Réunion na India mwaka 2005 na 2006, na watafiti wa mabara mengine wakalazimika kurudi kwenye yale yaliyoonwa kusini mwa Tanganyika. Kipimo kingine, cha ubora wa majarida (impact factor), kilichoasisiwa na Eugene Garfield, huhesabu, kwa kawaida, marejeleo ya makala za miaka miwili iliyotangulia. Kamati inayokitegemea ingekuwa imekwisha kumsahau mtafiti wa namna hiyo.

Tena, kazi nyingine hazionekani kabisa katika hesabu. Tanzania iliachana na klorokwini, dawa ya malaria, mwaka 2001 ikahamia SP (sulfadoksini na pirimethamini), na miaka michache baadaye ikaingia kwenye dawa mseto, kwa sababu wapo waliofuatilia wagonjwa wa malaria vituoni na kuona vimelea vikirudi baada ya dozi kamili. Mganga wa zahanati aliyeacha kuandika klorokwini hakumrejelea mtu katika jarida lolote.

Najua hoja ya wanaotetea namba, na siidharau: wanasema katika mazingira yetu namba humkinga mwombaji dhidi ya upendeleo na undugu. Lakini upendeleo huzuiwa vizuri zaidi na wasomaji wa nje wasiomjua mwombaji. Azimio la San Francisco kuhusu tathmini ya utafiti, lililotolewa mwaka 2013, lilikwisha kuzitaka taasisi zitazame maudhui ya kazi badala ya jina la jarida. Napendekeza kila mwombaji awasilishe kazi tano alizozichagua mwenyewe, pamoja na ukurasa mmoja unaoeleza alichofanya yeye binafsi katika kila moja na mwongozo gani wa tiba ulibadilika kwa sababu yake, kisha wajumbe wazisome. Namba zibaki kama kiambatisho, chanzo na tarehe vikitajwa.

Nawe, Mhariri, orodha ijayo itakapotoka, mtume mwandishi wako akamwulize kila aliyetajwa ni mgonjwa gani anatibiwa tofauti leo kutokana na utafiti wake, na jibu lichapishwe karibu na asilimia hiyo.

Mhadhiri mstaafu wa sayansi za afya,
Morogoro