Waache Watazame Kwanza

Mwanangu mpenzi,

Sisi hatujambo, na salamu zako tumezipata. Baba yako ameshatangaza kila aendako kwamba mwanawe sasa ni mtu wa makumbusho. Nilipomfafanulia kuwa mafunzo yako tarajali ni ya idara ya elimu, na kwamba hutashika brashi wala kutundika picha, akaniuliza, "Sasa huko atakuwa anafanya nini?" Nikamjibu kadiri ninavyojua, na hayo niliyomjibu ndiyo nakuandikia, maana anayeanza kazi Jumatatu ni wewe, si yeye.

Habari hizi nazijua kwa upande wa pili, wa mwalimu anayewaleta watoto. Mwalimu wa shule ya msingi hushuka kwenye basi mbele ya makumbusho akiwa ameshachelewa, mtoto mmoja anataka kujisaidia, wawili wamenuniana, na yeye mwenyewe ana wasiwasi kuliko wote kwa sababu hajui lolote kuhusu sanaa na anaogopa itajulikana. Huyo ndiye wa kwanza wa kutulizwa. Mwonyeshe choo kilipo hata kabla ya hotuba ya kumkaribisha.

Halafu yanakuja masharti ya mlangoni: mabegi ya mgongoni yaachwe au yavaliwe mbele, penseli tu, kalamu za wino hapana, msiguse. Wengi huyasoma kama askari. Wewe toa sababu. Mtoto wa miaka minane anaelewa vizuri kabisa akiambiwa kwamba vidole vyake, hata akiwa amenawa, vina mafuta na chumvi, na kwamba mguso mmoja si kitu ila maelfu ya miguso hula rangi na chuma. Na wakikuuliza mbona ukumbi wa michoro ya karatasi una giza (watauliza tu), waambie ni makusudi. Kazi za karatasi na vitambaa kwa kawaida humulikwa kwa laksi 50 hivi (laksi ni kipimo cha mwanga), mwanga hafifu mara kadhaa kuliko wa darasani, kwa kuwa rangi ikishapaushwa na mwanga hairudi tena. Nimeona watoto wakianza kunong'ona wenyewe baada ya kuambiwa hivyo, bila kukaripiwa na mtu.

Sasa nije kwenye lenyewe. Umesoma historia ya sanaa na kichwa kimejaa. Shida itakuwa kujizuia usikimwage chote kwa watoto siku ya kwanza.

Kuna utafiti uliofanywa katika makumbusho ya Metropolitan, New York, ukachapishwa mwaka 2001: wageni walitazama kila kazi kwa wastani wa sekunde 27 hivi, na kusoma lebo kumo humo. Hao walikuwa mbele ya kazi ambazo watu husafiri kutoka mbali kuziona. Kwa hiyo mgeni wako akisimama dakika tano mbele ya picha moja, na wewe hujasema neno, umeshafanya kazi kubwa kuliko yule anayewakokota watu vyumba vyote huku akitaja miaka ya kuzaliwa na kufa kwa wachoraji.

Nilimwona mmoja aliyeijua kazi hiyo, kijana tu, pengine mwanagenzi kama wewe. Aliwakalisha wanafunzi wangu sakafuni mbele ya picha ya mwanamke amekaa mezani, akanyamaza. Alinyamaza mpaka mimi nikaanza kuona haya kwa niaba yake. Kisha akauliza kuna nini kinaendelea hapo. Mtoto mmoja, ambaye darasani sauti yake huisikii, akasema, "Huyu mama amekasirika." Mimi ningesema "vizuri sana" nikahamia kwa mwingine. Yeye akauliza, "Umeona nini mpaka ukasema hivyo?" Mtoto akanyoosha kidole, "Mkono. Amekifinya kitambaa." Vichwa vyote vikageukia mkono, na kweli, ncha za vidole zimepauka kwa kufinya. Nilikuwa nimeitazama picha ile kabla yao na mkono sikuuona.

Baadaye nikajua kwamba maswali yale yana wenyewe. Abigail Housen, mtafiti wa namna watu wanavyotazama sanaa, na Philip Yenawine, aliyekuwa mkuu wa elimu katika makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, ndio walioyajengea mfumo: kinaendelea nini katika picha hii, unaona nini kinachokufanya useme hivyo, na kipi kingine tunaweza kukiona. Kubwa kwangu ni lile la pili. Linamtaka mtoto arudishe macho kwenye picha badala ya kuyatupa usoni kwako akitafuta kama amepatia.

Ila usiugeuze kuwa dini. Wapo wanaouliza tu, hawasemi chochote, na watoto wanaondoka wakidhani kila jibu ni sawa. Mfano ni ile picha kubwa ya Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, ya mwaka 1642 ambayo dunia nzima inaiita Lindo la Usiku. Mtoto akisema ni usiku, hakukosa kutazama. Vanishi ilikuwa imeifanya picha kuwa nyeusi kiasi kwamba watu wazima wenye elimu yao waliona usiku vilevile, hadi iliposafishwa miaka ya 1940 ikaonekana mwanga wa mchana. Na mwaka 1715 iliwahi kukatwa kingo ili ienee ukutani katika jumba la mji wa Amsterdam! Hayo ni ya kuwaambia, tena wanayapenda mno, lakini uwaambie wakishatazama na kubishana, maana hapo ndipo wanakuwa na hamu ya kujua.

Lipo swali jingine ambalo hakuna mfumo utakaokusaidia: "Hivi vitu vimefikaje hapa?" Watoto huuliza bila kuzunguka, hasa wakifika kwenye kazi za Afrika. Ukiwa mbele ya shaba za Benin, ufalme wa zamani uliokuwa katika Nigeria ya leo, jibu linajulikana: wanajeshi wa Uingereza waliuvamia mwaka 1897 wakazichukua kutoka kwenye jumba la kifalme. Liseme hivyohivyo. Usiseme "zilikusanywa". Wiki ya kwanza mwulize msimamizi wako makumbusho yenu hujibu vipi, na kama hawajaandaa jibu, basi hiyo ni kazi nzuri ya kuomba upewe.

Mengine ni ya mikono. Utachonga penseli, utakata karatasi, utabandua gundi mezani, utapiga simu kwa shule zilizosahau kuthibitisha siku yao. Fanya. Walinzi wa kumbi wazoee mapema, kwa kuwa wanashinda humo na wanajua kuliko idara yoyote ni wapi watu husimama na ni wapi hupita. Na watafutie wageni pa kukaa. Benjamin Ives Gilman wa makumbusho ya Boston aliandika mwaka 1916 juu ya uchovu wa makumbusho, akaambatanisha picha za mtu anayejikunja na kuchuchumaa ili aone vitu na kusoma lebo, na watu wanajikunja hadi leo. Mzee anayeumwa magoti hawezi kupenda picha yoyote.

Posho usione haya kuiuliza. Kama hawalipi, angalau wakuandikie utakachojifunza na nani atakusimamia, usije ukamaliza muda wako ukiwa mtu wa kubeba viti.

Ukishajua ukumbi waliokupangia, niandikie kazi moja ambayo ungewakalishia darasa la tatu, na swali utakaloanza nalo. Usiniambie ni ya nani wala ya mwaka gani. Nitumie picha yake tu, niitazame, halafu nikuambie wanafunzi wangu wangelianzisha wapi zogo.

Baba yako anasalimia, na anauliza kama jamaa huingia bure.

Mama yako