Kabla ya kutuuliza kauri yetu ina nguvu kiasi gani

Karibu kila mteja anayetaka tumtengenezee kipandikizi cha kauri, yaani kipande cha kuwekwa ndani ya mwili, huanza na ombi lilelile: kiwe imara, mwili usikikatae, na mfupa uote ndani yake. Mambo hayo matatu hayapikiki kirahisi katika chungu kimoja.

Ili mfupa uote ndani, kauri inahitaji matundu yanayopitana, ya mikromita 100 kwenda juu (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Sisi hupendelea yanayozidi 300, mishipa midogo ya damu ipate njia. Tatizo ni kwamba kauri huanza kupasuka palepale penye tundu. Ukiigandamiza hustahimili sana, lakini ukiivuta au kuipinda, nguvu yote hukusanyika kwenye kasoro kubwa kuliko zote, hata ikiwa ni kiputo kisichoonekana kwa macho.

Haidroksiapataiti, aina mojawapo ya kauri, hupokewa vizuri na mwili kwa kuwa inafanana na madini ya mfupa wenyewe, yaani kalsiamu na fosfati. Hata hivyo huvunjika kama kigae. Tunaitoa kwa kujazia pengo lisilobeba uzito, au iwe tabaka jembamba juu ya metali ya titani. Kwa kichwa cha nyonga, yaani tufe la kiungo cha nyonga, tunakataa, hata mteja akisisitiza.

Kwenye nyonga kuna alumina, kauri ya oksidi ya alumini, ambayo Pierre Boutin alianza kuitumia Ufaransa mwaka 1970. Ni ngumu na hailiki upesi, ila ufa ukishaanza hauna cha kuuzuia. Ndipo inapochanganywa na zirkonia, kauri ya oksidi ya zirkoniamu. Chembe za zirkonia zilizo kwenye ncha ya ufa hubadili umbo la fuwele na kuvimba kwa takriban asilimia 4, zikaubana ufa usiendelee. Binafsi sijaona ujanja mzuri kuliko huo katika kazi hii.

Ujanja huohuo una upande wa pili. Maji yanaweza kuanzisha mabadiliko hayo polepole kwenye uso wa zirkonia na kuudhoofisha. Mwaka 2001 vichwa vya nyonga vya zirkonia viliondolewa sokoni baada ya baadhi kuvunjika ndani ya wagonjwa. Mtengenezaji alikuwa amebadili aina ya tanuri. Unga unaochomwa kuwa kauri ulikuwa uleule, na mchoro uleule. Kwa sababu hiyo kila kipande chetu huondoka na rekodi ya uchomaji wake: joto, muda, na jinsi kilivyopozwa.

Pia hatutoi namba moja ya nguvu. Vunja vipande 30 vya unga mmoja kutoka tanuri moja, utapata majibu tofauti, na mgonjwa anaweza kupewa kile kilicho dhaifu kuliko vyote. Tunatuma matokeo ya vipande vyote, pamoja na vile vilivyotuaibisha.

Kwa hiyo ukituandikia, tuambie kwanza kipandikizi kitakaa wapi, kitabeba uzito gani, na kama kitapindwa au kitagandamizwa tu. Kabla ya hapo hatuwezi hata kukuchagulia unga.