Huo si ushirikiano, ni njama

Mhariri,

Gazeti lako liliandika kwamba wanunuzi wa dagaa "walishirikiana" kupanga bei. Limeniuma. Kushirikiana ni sisi wanawake wa Kibirizi kukimbilia kuanua dagaa wa mwenzetu mvua ikitishia. Wale walikula njama. Tunasema kula, kama kula kiapo. Mimi naliona ni jambo lililomezwa, lisitoke mdomoni. Mwanangu, anayesoma sheria, ananiambia Waingereza huita collusion, kutoka Kilatini colludere, kucheza pamoja. Mchezo wenyewe niliuona: watatu walipita mwaloni mmoja mmoja, wakijifanya hawajuani, kila mmoja akataja bei ileile, hadi shilingi mia ya mwisho. Nikauza. Mawingu yalishatanda ziwani.

Mama mwanika dagaa,
Kibirizi, Kigoma